Kifaa Kimoja, Mwisho Jumamosi

Baba Chiriku alirudi kutoka kazini Jumatatu saa tisa akiwa na karatasi mfukoni, na tangu alipovua viatu mlangoni mkewe alijua kuna jambo, maana alivipanga. Siku zote mtu yule huvua viatu kama anayefukuza paka, kimoja huku, kingine kule.

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. Baba Chiriku alikuwa ametimiza miaka kumi kwenye ghala la vifaa vya umeme, akipakia na kupakua, na katika miaka yote hiyo hakukosa kazini ila siku moja, ile aliyozaliwa binti yake. Wakubwa wake wakaona wampe zawadi. Achague kifaa kimoja cha jikoni, chochote kilichomo ghalani, nacho kitaletwa mpaka mlangoni kwa gari la kazini. Kimoja tu. Jibu lifike ofisini kabla ya Jumamosi saa sita mchana, la sivyo zawadi inakwenda kwa mwingine.

"Kimoja," mkewe akarudia, akageuza shingo kutazama jikoni.

Jikoni mwao mlikuwa na vikongwe viwili, kila kimoja na ukuta wake. Upande wa dirisha lilisimama friji, jeupe zamani, sasa rangi yake kama jino la mvuta tumbaku. Mlango wake ulikuwa haushiki mpaka ufungwe kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Nyanya zilizowekwa juu ziligeuka mawe, maziwa yaliyowekwa chini yalichacha. Na kelele zake zilikuwa habari nyingine. Lilipowaka liligutuka kama mtu aliyeitwa usingizini, likaunguruma kama lori linalopanda mlima, na vikombe vilivyo juu yake vikaanza kugongana meno. Chiriku, binti yao wa miaka minne, alikuwa akiliamkia kila asubuhi. "Shikamoo, Friji," anasema, na friji linamjibu.

Upande wa pili lilikuwepo jiko la umeme, la pleti nne za chuma na oveni chini yake. Pleti moja ya nyuma ilikwisha kufa. Mlango wa oveni ulizuiwa na mwiko usifunguke wenyewe. Swichi zake za kuzungusha zamani zilikuwa zikilia kila zinapopanda daraja, siku hizi zimelegea, zinazunguka kimya kama kifuniko cha chupa. Namba zilifutika miaka mingi. Zilipokuwa namba pamebaki ukoko wa mafuta na vidoa vigumu visivyosikia kitambaa.

Mama Chiriku hakuhitaji kufikiri mara mbili. Aliposema "jiko", alilisema kama mtu aliyekuwa ameliweka neno hilo kinywani kwa muda mrefu, na kweli lilikuwemo kwa miezi miwili, tangu siku taulo lilipoungua.

Siku ile wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa amekuja kuwatembelea kutoka mji mwingine. Taulo lilikuwa limetundikwa juu ya jiko, ncha yake ikagusa pleti, na kabla mtu hajajua hili wala lile, moshi umejaa sebuleni. Hakuumia mtu. Bibi, mama yao, alilimwagia maji, akakikunja kipande kilichobaki akakifanya tambara la kupigia deki. Lakini wifi aliuvalia njuga mkasa ule. Alisema mama yake amezeeka, jiko limezeeka, na wawili hao hawafai kuachwa pamoja. Ikitokea tena, Mama anahamia kwake, nyumba ni kubwa, akapumzike. Hakuna aliyembishia, maana hakusema kwa ubaya.

Hapo ndipo Mama Chiriku alipokosa raha. Alikuwa akipiga pasi kwa dobi tangu asubuhi hadi saa nane, na kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi alihudhuria masomo ya jioni, ya watu wazima walioacha shule mapema kama yeye. Mtihani ulikuwa umebakisha wiki tisa. Akifaulu, angeweza kuomba nafasi chuoni, asomee ualimu wa watoto wadogo. Saa kumi na moja akitoka na mkoba wake wa madaftari, Bibi ndiye anayebaki kupika, kumlisha Chiriku na kumsikiliza, na hiyo kazi ya tatu ndiyo kubwa. Bibi akiondoka, masomo yamekwisha. Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa nyepesi: jiko jipya litamlinda mama mkwe, naye mama mkwe atayalinda masomo.

Kilichomshangaza ni Bibi mwenyewe.

"Friji," akasema Bibi, akiendelea kupepeta mchele.

Mwanawe alicheka akamkumbusha kwamba yeye alikuwa mpishi wa bweni kwa miaka ishirini na mitano, wanafunzi mia mbili wakimwita Kamanda, na leo Kamanda anapewa jiko la kisasa analikataa. Bibi akasema jiko lake ni zima. Mwanawe akasema pleti moja imekufa. Bibi akasema zimebaki tatu, na yeye ana mikono miwili. Mama Chiriku akajaribu kwa upole, akataja lile taulo. Bibi aliacha kupepeta.

"Hilo friji linanizibia masikio," akasema. "Mkitaka kunifurahisha, liondoeni hilo."

Wakatazamana, mke na mume, wakabana vicheko. Mtu anapika kwa masikio?

"Bibi analisoma jiko," akadakia Chiriku. "Analisoma hivi." Akapitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa kikombe chake.

Baba yake akamwambia anywe maziwa. Juzi tu mtoto huyo alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba baba yake analala na soksi, na kwamba mwezi una mlango kwa nyuma. Mtu akijaribu kufuatilia kila linalotoka mdomoni mwake, hataamka kesho kwenda kazini.

Jumatano Baba Chiriku aliwapeleka ghalani wakajionee. Bibi alivaa gauni lake la mikutano na kilemba kipya. Walipita katikati ya safu za maboksi mpaka mahali palipopangwa mifano, na Baba Chiriku akasimama mbele ya jiko moja jeusi, uso wake wa kioo kitupu, halina pleti, halina swichi, linang'aa mtu anaweza kujitazama akafunga kilemba. Alilisimamia kama bwana harusi. Tangu aanze kazi pale alikuwa akiyabeba majiko kama hayo kuyapeleka majumbani mwa watu, na kila alipolitua moja alimkumbuka mama yake. Hakulisema hilo kwa sauti, ila mkewe alilijua.

Bibi aliupitisha mkono wote juu ya kioo, kutoka ukingo hadi ukingo, kama anayekunjua shuka.

"Laini kama paji la uso la mtoto," akasema. "Sasa mtu anashika wapi?"

Mtunza ghala, kijana mwenye adabu, alimweleza kwamba hakuna kushika. Ni kugusa tu ile picha, moto unawaka, linalia kidogo kumjulisha.

"Picha iko wapi?"

"Hapo, mama. Chini ya kidole chako."

Wakacheka wote, na Bibi naye akacheka, ila alikuwa wa mwisho kuanza na wa kwanza kunyamaza. Njiani kurudi alitembea polepole. Mama Chiriku akadhani amechoka. Akamshika mkono walipovuka barabara, na Bibi akakubali kushikwa, jambo ambalo si kawaida yake.

Alhamisi asubuhi mambo yakaenda haraka. Mfanyakazi mwenzake Baba Chiriku alisikia kwamba kuna jiko kuukuu linatafuta mwenyewe mpya, akasema atapita kesho yake kulitazama, pengine litamfaa dada yake. Na kule kwa dobi siku hiyo umeme ulikuwa na hitilafu, wapiga pasi wakaruhusiwa saa tano. Mama Chiriku akarudi nyumbani akakuta hakuna mtu. Bibi na mjukuu walikuwa wamekwenda kwa rafiki yake Bibi mtaa wa pili, ziara yao ya kila Alhamisi.

Akafunga kibwebwe. Jiko lilikuwa linaondoka, lakini halikuwa linaondoka kwa aibu, mtu aje aseme nyumba hii haina mwanamke. Alichanganya siki na magadi, akalipaka lote, akaliacha lilowe, kisha akalivamia kwa sponji ya chuma. Ukoko ulitoka kwa vipande. Kwenye ubao wa swichi alikuta vile vidoa vigumu, vyekundu vilivyokwisha kuwa vyeusi, vimejipanga kuizunguka kila swichi. Akafikiri ni nyanya iliyoruka ikakaukia miaka na miaka. Sponji haikuvitoa. Akachukua kisu cha kumenyea, akavikwangua kimoja kimoja, kwa subira, akiwa na furaha ile ya mtu anayeiona kazi yake. Swichi ya oveni ilikuwa imezungushiwa uzi wenye fundo, mchafu kupindukia. Akaukata akautupa. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu akalitazama. Kama si kuzeeka, ungesema limetoka dukani jana.

Bibi na Chiriku waliingia wakati yeye anatoka. "Mama, nimekusugulia jiko lako," akasema akivaa viatu. Bibi, ambaye alikuwa ameketi kwanza apunguze jua, akamwambia ahsante, mwanangu, Mungu akubariki, nenda usichelewe.

Mwalimu wa jiografia alikuwa mgonjwa. Wakasoma kipindi kimoja tu cha biolojia, wakaachiwa, na saa kumi na mbili, jua bado lipo, Mama Chiriku alikuwa amefika mlangoni kwake. Hakusikia harufu ya kitu. Saa kama ile harufu ya vitunguu huwa imekwisha kufika barabarani.

Aliingia bila kuita. Sufuria ya wali ilikuwa juu ya meza, mchele umo ndani ya maji, baridi. Chiriku alikuwa amekaa sakafuni mbali na jiko, mahali Bibi alipomzoesha, mkononi ana kipande cha mkate. Bibi amesimama mbele ya jiko, kidole chake kikitembea kwenye ubao wa swichi, kinazunguka swichi ya kwanza, kinarudi, kinakwenda ya pili. Kikasimama. Kikarudi tena mwanzo. Alikuwa amegeuza uso pembeni, kuelekea dirishani, kama mtu anayemsikiliza mwingine.

"Mama, jiko halisemi," Chiriku akamwambia mama yake. "Bibi amelisoma lote, halisemi."

Bibi aliondoa mkono.

Mama Chiriku alipigwa na butwaa. Mawazo yalimjia moja baada ya jingine, kila moja likilivuta lenzake. Vile vidoa. Ule uzi. Kidole kwenye ukingo wa kikombe. "Picha iko wapi?" Akakumbuka kwamba muhula uliopita alichora jicho kwenye daftari lake la biolojia, na mishale yake yote, mwalimu akampa nane juu ya kumi na kumsifu mbele ya darasa. Na macho yaliyomo nyumbani mwake hakuyaona.

"Mama," akasema. "Tangu lini?"

Bibi alivuta kiti akakaa. Hakulia wala hakujitetea. Alieleza kama anayempa mtu maelekezo ya njia. Ni miaka miwili sasa. Pembeni anaona, milango anaiona, mtu akija anamwona kwamba ni mtu. Katikati ndipo palipozibwa, kama mtu aliyemwekea dole gumba mbele ya kila anachokitazama. Uso wa mjukuu wake anauona akimtazama sikio. Namba za jiko zilipomkimbia, alichukua ile rangi ya kucha aliyoletewa zawadi na bintiye, ambayo hakuwahi kupaka hata ukucha mmoja maisha yake yote, akadondosha nukta. Moja ni moto mdogo, mbili wastani, tatu mkali. Swichi ya oveni akaifunga uzi asiichanganye na nyingine. Mengine yote ni masikio: maji yakianza kuimba anajua, mafuta yakiiva anajua, wali ukikauka unabadilisha sauti.

"Umelisugua vizuri sana," akasema. "Ila limekuwa bubu."

Mama Chiriku alipiga magoti mbele yake akamshika mikono. 

"Ulikuwa hujui," Bibi akamwambia. "Mimi ndiye niliyeficha. Wifi yako akijua, kesho yuko hapa na gari. Ataniweka kwenye kochi, aniletee chai, aniulize kama nimeshiba. Anipendavyo yule, ataniua kwa kunikalisha." Akauminya mkono wa mkwewe. "Nawe ungebaki na nani jioni? Nikasema, ngoja huyu amalize mtihani wake kwanza, halafu nitasema. Wiki tisa si nyingi."

Akaomba jambo moja: mwanawe asiambiwe.

Kama kuna wakati Mama Chiriku alitamani kusema ndiyo, ni ule. Ndiyo ingemwachia kila kitu, jioni zake, chuo chake, na uso wa mama mkwe bila huzuni. Akamtazama Chiriku pale sakafuni.

"Siwezi kumficha, Mama," akasema. "Na kukuacha uende pia siwezi. Kesho apike Kamanda, mwanao akae kwenye stuli atazame. Tusimwambie akuamini. Aone mwenyewe."

"Na nikiunguza?"

"Ukiunguza, tutakaa tuzungumze tena."

 Bibi akafungua fundo la kitambaa chake, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, na wakarudishia nukta pamoja, Bibi akipima mahali kwa kidole, Mama Chiriku akidondosha. Chiriku alihesabu kwa sauti, na kila akifika tatu alipiga makofi. Zilipokauka, Bibi alipitisha kidole mara moja tu, akasema ya mwisho imekaa juu kidogo, lakini ataizoea.

Ijumaa Baba Chiriku alitoka zamu ya asubuhi akaambiwa yote kabla hajavua viatu. Safari hii alivua kimoja, akabaki na kingine. Alimtazama mama yake, akatazama chini. "Miaka miwili, Mama," akasema, si kwa hasira. Alikuwa akila chakula cha mikono ile kila siku bila kuuliza. Yule mwenzake wa kazini akapigiwa simu aahirishe.

Bibi akapika. Alitia wali jikoni, akaweka mboga upande wa pili, akavunja mayai kwa mkono mmoja kama alivyozoea bwenini. Kidole kiligusa nukta, swichi ikazunguka, kidole kikahakikisha. Alikuwa na njia zake. Mpini wa kila sufuria uligeukia ukutani, kitambaa kilikaa begani, hakikukaa mahali pengine popote, na kabla ya kutia kitu kwenye mafuta alisimama kidogo, kichwa pembeni, akisikiliza. Baba Chiriku alikaa kwenye stuli, viganja katikati ya magoti, kama mwanafunzi aliyechelewa.

Katikati ya mapishi, friji likagutuka.

Likaunguruma, vikombe vikaanza kugongana, na Bibi akasimama. Mkono wake ulibaki hewani, umeshika kifuniko cha wali. Hakufunua, hakugusa swichi. Aliinamisha sikio karibu na sufuria, akaliondoa, akapeleka kiganja juu ya mvuke, akakirudisha. Alisubiri hivyo hivyo, na wanawe wakamsubiri, mpaka ikawa wazi kwa kila mtu mle ndani kwamba mpishi wa wanafunzi mia mbili hawezi kuendelea hata hatua moja hadi lori lile limalize kupanda mlima wake.

Baba Chiriku aliinuka, akaenda kwenye ukuta wa dirisha, akachomoa waya wa friji kwenye soketi.

Kimya kikaingia. Ndani ya kimya hicho hata Mama Chiriku aliusikia wali, mlio mdogo mkavu, kama mtu anayekanyaga majani kwa mbali.

"Haya," akasema Bibi. Akapunguza moto mpaka nukta moja, na mambo yakaendelea.

Hakikuungua kitu. Baada ya kula Baba Chiriku alisema naye anataka kujaribu. Akafumba macho, mkewe akamfunga na kanga juu yake asiibe, akaambiwa awashe pleti ya mbele kushoto, moto wa wastani. Alipapasa, akahesabu nukta kwa kunong'ona, akazungusha, akajisogeza nyuma kwa fahari. Alikuwa amewasha oveni. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Bweni lile ungelilaza njaa, baba," akamwambia.

Alipofunguliwa macho naye alikuwa akicheka, ila hakufuta machozi haraka. Kisha akawa mkali kidogo, kama inavyomlazimu mtoto wa kiume siku anapogundua ni mtu mzima. Alisema Jumatatu wanakwenda hospitali ya macho, na hilo halina mjadala. Msumari wa taulo unahamia ukuta wa mlango. Fundi anaitwa alifungue jiko, na akisema nyaya hazifai, basi hazifai. Na dada aambiwe, na anayemwambia ni Mama mwenyewe.

Bibi alikubali yote, la mwisho shingo upande. Alimpigia bintiye jioni ile ile, mbele yao. Walisikia sauti ya wifi ikipanda upande wa pili, ikashuka, ikapanda tena. Bibi alimwacha amalize. Kisha akasema, "Njoo mwisho wa mwezi. Mimi siji huko. Njoo wewe, nikupikie, utazame, halafu useme."

Jumamosi saa nne asubuhi Baba Chiriku aliipeleka karatasi yake ofisini. Kwenye nafasi ya kifaa aliandika friji. Mkewe alimuuliza baadaye kama kile kioo cheusi kinamuuma. Akasema kidogo. Akasema alikuwa anataka kumpa mama yake kitu kizuri, hakuwa amewaza kwamba kizuri kinaweza kumfukuza jikoni.

Fundi aliyekuja kulifungua jiko alikuwa mzee mmoja aitwaye Taratibu, jina alilolipata kihalali. Alikaa nyuma ya jiko tangu asubuhi hadi alasiri, Chiriku akimsimulia maisha yake yote. Alibadilisha nyaya mbili zilizokwisha kukauka, akaifufua pleti iliyokufa, akatia bawaba mpya kwenye mlango wa oveni, na ule mwiko ukarudi kwenye kazi yake. Chuma cha jiko alikisifu, alisema siku hizi hawakifui hivyo. Alipoelezwa habari za nukta alifunga mkoba wake, akaondoka, wakadhani amekasirika. Kesho yake alirudi na swichi tano alizozitoa kwenye jiko jingine la aina ile ile lililokwisha kufa karakanani kwake. Akazifunga. Bibi akazungusha moja. Ikalia: ta. Akazungusha tena: ta, ta.

"Hee," akasema Bibi polepole, kama aliyekutana na mtu wa kwao ugenini.

Daktari wa macho alisema walichelewa. Palipozibwa hapatafunguka, ila wakifuata dawa na miadi, pengine hapatazidi. Bibi alimuuliza kama anaruhusiwa kupika. Daktari, ambaye hakutegemea swali hilo, akauliza anapikaje, akaelezwa, akaandika kitu kwenye faili lake kwa muda mrefu.

Friji jipya lilifika siku ya pili yake. Lilikuwa la kawaida, jeupe, halina ukanda wa mpira. Chiriku alilisogelea akaliamkia. Akasubiri. Akaliamkia tena, kwa sauti zaidi, kisha akamgeukia Bibi, uso umemshuka.

"Limekasirika, Bibi?"

"Hapana, mke mwenzangu. Limenyamaza ili nisikie."

Saa kumi na moja ilipofika Mama Chiriku alichukua mkoba wake wa madaftari. Zilikuwa zimebaki wiki nane, na wifi alikuwa bado hajaja. Alivaa viatu mlangoni, akafunga kamba, akakaa pale zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Jikoni Bibi alikuwa akimwambia Chiriku arudi sakafuni mahali pake, na Chiriku akieleza kwa nini haiwezekani. Maji yalimiminwa kwenye sufuria. Kisha akaisikia swichi, ta, ta, ikasimama hapo.

Moto wa wastani. Akafungua mlango akatoka, hakugeuka kuchungulia.